Mazishi ya Kibaraka

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma. Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kulitamka bila kibali ni kosa la jinai, na kibali changu kimeisha muda. Itoshe kusema ni nchi ya amani. Ina mlima mmoja, bonde moja, na Wizara ya Ushindi.

Zamani tulikuwa na wizara ya maji, ya kilimo, ya umeme na nyingine za kuchosha. Kila mwaka zilileta habari za kushindwa, mpaka Mkuu wa Nchi akachoka kusikia. Akazifuta zote, akaunda moja tu, ya kushinda, akamkabidhi Mheshimiwa Dakta Dakta Fulgensi. Udaktari wa kwanza Mheshimiwa alipewa na chuo kikuu siku alipozindua geti lake. Wa pili alijitunuku mwenyewe ili wa kwanza usijisikie mpweke.

Mimi ni mtangazaji wa mieleka. Nasimama kando ya ulingo na kipaza sauti, nasema nani kaingia na nani kaanguka. Sina chama, sina kinyongo na mtu, na naipenda serikali yangu kwa kiwango kilichowekwa kisheria. Kwa hiyo haya siyasemi kwa ubaya. Nayasema kwa hasira tu, na hasira bado haijapigwa marufuku, labda wiki ijayo.

*

Siku moja Waziri alikwenda gulioni kutafuta wapiganaji. Mkuu alikuwa amemwagiza: wananchi wanataka kumwona mtu anashinda, tafuta shujaa, na shujaa mtafutie adui. Waziri akashuka garini, nyuma yake msafara wa wasaidizi, mmoja kamshikia mwavuli, mwingine koti, mwingine maoni yake.

Pale gulioni wapasua mbao wawili walikuwa kazini, Mkude wa mlimani na Pazi wa bondeni. Walikuwa wanapasua gogo moja kwa msumeno mmoja mrefu, huyu juu, huyu chini, kazi isiyowezekana kama hamuelewani. Na midomo yao ilikuwa inakwenda kasi kuliko msumeno.

"Vuta, chura wewe!" alisema Mkude. "Watu wa bondeni mvua ikinyesha mnaimba, ikizidi mnalia, akili hamna!"

"Nani chura? Nyinyi wa mlimani mnakaa juu huko jirani na Mungu, na bado kawanyima sura! Mama yako alipokuona mara ya kwanza aliuliza mtoto yuko wapi!"

Nyinyi mnajua huo ni nini. Hata mtoto anayetambaa anajua. Watu wa mlimani na watu wa bondeni ni watani, tangu mababu zao walipochoka kuuana wakakubaliana kwamba kuanzia siku ile watapigana kwa mdomo tu, na mwisho wa matusi watakula sahani moja. Asiyekutukana hakupendi. Mtu wa mlimani akikusalimia kwa adabu wewe wa bondeni, ujue kuna kesi.

Lakini Mheshimiwa alikuwa amesoma nje miaka mingi, mpaka aliporudi mama yake mzazi alizungumza naye kwa mkalimani. Aliposikia yale matusi akatetemeka kwa furaha.

"Chuki ya asili!" akasema. "Chuki safi kabisa, haijachanganywa na kitu! Wachukueni wote wawili."

Wasaidizi walitazamana. Wote walikuwa wana wa mlimani au wa bondeni, wote walijua. Lakini kwetu anayemsahihisha waziri huhamishiwa Kituo cha Utafiti wa Barafu, na barafu hatuna. Wakasema, "Kweli, Mheshimiwa, ni chuki ya kuogofya."

*

Mkude akaitwa Ngao ya Taifa. Akavalishwa mkanda wa shaba wenye picha ya Mkuu, mzito kiasi kwamba alitembea kama mjamzito. Pazi akaitwa Kibaraka wa Mabeberu. Yeye alipewa kofia ya kufunika uso, tai ndefu na mkoba mtupu, ambao Wizara ilieleza kuwa ndani yake mna njama.

Kila Jumamosi Ngao alimpiga Kibaraka. Ilipangwa tangu Jumatano nani atapiga, nani atalia, na Kibaraka aombe radhi kwa lugha gani. Na kazi za serikali zikawa rahisi, jamani! Maji yakikatika, Wizara ilitangaza kuwa Kibaraka kayakata. Jumamosi Kibaraka alipigwa, tukashangilia mpaka koo zikakauka, tukarudi nyumbani na koo kavu na ndoo kavu. Dawa zikiisha zahanati, ni Kibaraka. Daraja likianguka, ni Kibaraka, ingawa mkandarasi alikuwa shemeji yake Mheshimiwa na alikuwa amekaa mstari wa mbele akipiga makofi.

Zikatungwa Kanuni za Uhasama. Ngao na Kibaraka wasisalimiane. Wasicheke pamoja. Wasikanyage mlango mmoja, uwe wa nyumbani, wa harusi au wa msiba. Atakayevunja atashtakiwa kwa kulidanganya taifa, na mwenzake atashtakiwa kwa kudanganywa.

Sasa sikilizeni ubaya ulipoanzia. Watu wakaanza kuamini. Si wote, lakini wa kutosha. Wachuuzi wa bondeni wakafukuzwa gulioni kwa sababu ndugu yao amekata umeme. Shule moja ya mlimani ikawarudisha nyumbani watoto wa bondeni, mpaka "baba yao" arudishe madawati. Mzee mmoja wa mlimani alimtania jirani yake kama alivyomtania miaka yote, akachomwa kisu cha tumbo. Kisu! Kwa utani! Wizara ikatoa taarifa ya kupongeza mwamko wa wananchi.

Mahali pekee palipobaki utani palikuwa ulingoni. Wale wawili wakishikana vichwa, uwanja ukidhani wanakabana, mimi nilikuwa karibu nikiwasikia.

"Leo unanuka kitunguu, mtu wa mlimani."

"Nimekula kwako, mjinga wewe. Siwema kanipitishia bakuli dirishani."

Siwema ni mkewe Pazi. Kanuni zilikuwa zimetaja mlango, dirisha hazikulitaja.

Na kuna siri ya kazi ile ambayo watu wa makofi hawaijui. Anayerusha ndiye mlinzi wa anayerushwa. Mkono mmoja unarusha, mwingine unashika shingo mpaka mwenzako afike chini salama. Pazi alianguka Jumamosi zote zile hakuwahi kuvunjika hata ukucha, kwa sababu aliyekuwa anamwangusha ni Mkude.

*

Ikaja Sikukuu ya Ushindi. Mwaka ule unga ulikuwa umepanda bei mpaka watu wanaununua kwa kikombe. Waziri akaeleza kitaalamu: bei imepanda juu kwa sababu Kibaraka hajawahi kuangushwa kutoka juu. Likajengwa jukwaa refu kwenye pembe ya ulingo, usawa wa paa la nyumba, ili Ngao ambebe Kibaraka mpaka kileleni na kumtupa mbele ya mabalozi.

Siku mbili kabla, Mkude akaingia ulingoni kujaribu. Akapiga turubai kwa kisigino. Chini palikuwa ubao mtupu. Akaenda moja kwa moja kwa Waziri, nami nilikuwa mle ofisini nikifundishwa namna ya kutamka sifa zake.

"Mheshimiwa, magodoro ya chini ya turubai yameondolewa."

"Yamehamishwa," Waziri akasahihisha. "Yako kwenye viti vya wageni wa heshima. Hotuba yangu ni ndefu, Mkude. Ulitaka mabalozi wakalie mbao?"

"Sasa Pazi ataangukia wapi?"

"Ataanguka kwa ajili ya taifa."

"Mheshimiwa, mtu akitua pale kwa shingo hainuki. Rudisha hata godoro moja. Moja tu, nakuomba."

Waziri akamtazama kwa huzuni. "Mbona unamhurumia adui yako?"

Mkude akaamua liwalo na liwe. "Si adui yangu. Ni mtani wangu."

"Mtani ndiyo nini?" Waziri akamuuliza katibu wake.

Katibu, mwana wa bondeni, ana watoto sita, akajibu upesi. "Ni aina ya adui, Mheshimiwa."

"Basi tumekubaliana," akasema Waziri, akarudi kwenye sifa zake.

Usiku wa kuamkia sikukuu sikuwapo nyumbani kwa Pazi, lakini Siwema alinisimulia baadaye. Alimwambia mumewe, "Usiende. Nakuomba kwa jina la wanao, usiende." Pazi alicheka tu. Alimwambia, "Kama asingekuwa Mkude ningeogopa. Yule mlafi mikono yake naijua. Hawezi kuniachia."

*

Na kweli hakumwachia.

Sikukuu ilifika, uwanja ukajaa, Mkuu akaketi kwenye magodoro mawili na kila balozi kwenye moja. Ngao alimbeba Kibaraka begani, akapanda ngazi mpaka juu ya jukwaa. Mimi nilipanda nyuma yao na kipaza sauti, kama nilivyoagizwa. Nyuma yangu alikuja Waziri na kundi la wapigapicha wa Wizara, kwa ajili ya kumbukumbu za taifa.

Juu pale Mkude alisimama. Hakurusha.

"Tupa basi," Pazi akanong'ona. "Unanikumbatia mbele za watu, mtu wa mlimani huna haya?"

"Nyamaza. Mzito kama gunia la mahindi mabichi, sijui umekula nini nchi haina unga. Tunashuka kwa ngazi. Watuzomee wakitaka."

Akageuka kuelekea ngazi. Uwanja ukaanza kunung'unika. Na Mheshimiwa Dakta Dakta, ambaye hajawahi kuacha kamera itazame pengine, akajitokeza mbele, akarekebisha tai, akasema, "Taifa halisubiri!" Akamsukuma Pazi kwa mikono yake miwili. Wapigapicha walikuwa wamemzunguka, na watu huko chini waliona tu mtu anaanguka.

Sauti ya ule ubao sitaisahau. Ngoma ya taifa ilipigwa papo hapo, makofi yakaangusha uwanja, mwamuzi akahesabu kama kawaida. Mkude aliruka ngazi mbilimbili, akapiga magoti. Polisi wakamwinua kwa nguvu, maana wimbo wa taifa ulikuwa unapigwa na Ngao hapigi magoti. Daktari wa Wizara alitazama kutoka alipokaa, hakuinuka hata kidogo, akasema, "Anaigiza vizuri sana."

Siwema alikuwa kwenye uzio anapiga mayowe. "Anakufa, jamani! Mume wangu anakufa!" Waliomzunguka wakacheka, wakaambiana kuwa hata mke wake ni msanii.

Kisha Waziri akahutubia. Alihutubia juu ya umoja, juu ya unga, juu ya utoto wake, juu ya hotuba zake nyingine. Mabalozi hawakuchoka, walikuwa kwenye magodoro. Pazi alilala pale kwenye ubao na tai yake shingoni, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa mpaka hotuba iishe. Ilipoisha alikuwa wa baridi.

Mtu alikufa kwenye makofi! Katikati ya uwanja, mchana kweupe, mbele ya madaktari! Mungu awalaani wote waliopiga makofi siku ile, na kama nilipiga na mimi anilaani na mimi.

*

Wizara ilikutana kwa dharura. Hoja ya kwanza ilikuwa: Jumamosi ijayo nani atakata maji? Hoja ya pili ilikuwa marehemu. Ikaamuliwa kwamba kifo ni ushindi mkubwa kuliko vyote, na mazishi yatakuwa Sikukuu ya Ushindi wa Mwisho, yatarushwa mubashara. Jeneza liandikwe Kibaraka. Jina la Pazi lisitajwe. Wafiwa wasilie, maana kulia ni kumuunga mkono adui.

Na wanasheria wakashauri kwamba aliyemwangusha awe Ngao peke yake. Hapo Mheshimiwa aliumia sana. Picha ilikuwa imetoka vizuri, mikono yote miwili inaonekana. Lakini akakubali, akatia saini taarifa: Ngao ya Taifa, mwana wa mlimani, amemuua Kibaraka kwa mikono yake.

Mnajua taarifa ile ilifanya nini bondeni? Vijana walianza kunoa mapanga. Mtu wa mlimani kamuua mtani wake! Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu wale mababu. Na mlimani nako, waliposikia kwamba wanakujiwa, wakanoa ya kwao. Siwema alizunguka nyumba kwa nyumba akisema si Mkude, namjua, si Mkude, na watu walimtazama kwa huruma wakamwambia apumzike.

Siku ya mazishi zilikuja pande zote mbili, zikasimama kila moja upande wake wa kaburi. Mapanga yalikuwa ndani ya kanzu na chini ya khanga. Polisi walipangwa mistari. Kamera ziliwekwa. Waziri alikuwa na hotuba mkononi. Mimi nilikuwa pembeni yake na kipaza sauti.

Akaja Mkude. Hakuvaa mkanda. Alivaa shati la kazi la Pazi, kalitoa wapi sijui, limempasuka mgongoni, na uso kajipaka majivu. Akalisogelea jeneza, akalipiga kofi.

"Amka, mvivu! Watu wote hawa wamekuja wewe umelala? Hata kufa hujui, chura wewe, umeniachia gogo halijaisha!"

Machozi yalikuwa yanamtoka, yanachora mistari kwenye majivu. Upande wa bondeni nikaona bibi mmoja anaziba mdomo kwa khanga. Ule ndio msiba wa kwetu. Mtu akifa, mtani wake ndiye anayeruhusiwa kumtukana maiti, kwa sababu ndiye mwenye uchungu usio na maneno mengine.

Waziri alifurahi. "Unaona?" akaniambia. "Chuki hata baada ya kifo!"

Kisha Mkude akaruka kaburini, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

Lo! Kelele zote zilikatika. Maana mtani akilala kaburini haguswi. Hata jambazi halithubutu. Anasema anachotaka, anapewa, ndipo anatoka na maiti anazikwa. Wengine hutaka kuku, wengine shuka. Mzee wa bondeni akasogea ukingoni, akauliza kama desturi inavyotaka, "Mtani, unataka nini?"

"Nataka aliyemsukuma Pazi ajitaje," akasema Mkude. "Bila hilo nizikeni naye."

"Mtoeni!" Waziri akafoka. Polisi hawakusogea. Nusu yao wa mlimani, nusu wa bondeni, wote wakatazama viatu vyao. "Fukieni basi! Fukieni wote!" Wachimbaji wakaweka machepe chini, wakakaa juu yake.

Mkude alingoja. Alipoona hakuna anayejitaja akaanza kucheka kutoka mle chini.

"Haya, basi kumbe ni mimi!" akasema kwa sauti. "Wizara imesema, na Wizara haisemi uongo. Mimi peke yangu nimelikomboa taifa! Mheshimiwa hakuwapo. Mheshimiwa alikuwa chini anashikilia viatu vyangu. Sanamu ijengwe yangu. Barabara iitwe yangu. Mkuu anipe mimi uwaziri, maana huyu kazi yake ni kusoma karatasi!"

Nilimwona Mheshimiwa anabadilika rangi. Kamera zote zilikuwa zinatazama shimoni. Hiyo ndiyo ilikuwa haivumiliki. Akaninyang'anya kipaza sauti.

"Mwongo!" akapiga kelele, na nchi nzima ikamsikia, mlimani, bondeni, na Mkuu alikokuwa amekaa. "Huyu alikuwa anashuka kwa ngazi kama mwoga! Alikuwa amemkumbatia! Ni mimi! Mimi Dakta Dakta Fulgensi, kwa mikono yangu hii miwili, ndiye niliyemsukuma! Picha ninazo!"

Akasubiri makofi.

Mkude akatoka kaburini. Alijikung'uta udongo, akamwambia mzee, "Nimepewa. Mzikeni." Akashika jeneza upande mmoja, na upande wa pili wakalishika vijana wa bondeni, walewale wa mapanga, wakalishusha pamoja. Mbele ya kaburi Siwema akalitamka jina lote, Pazi Mwinshehe, mpasua mbao, na watu wakalia. Walilia pande zote mbili, kwa sauti, mubashara.

Waziri alipogeuka kutafuta gari lake akakuta hakuna njia. Hakuna aliyemgusa. Walikuwa wamesimama tu, mlimani na bondeni wamechanganyika, huwezi kujua nani ni nani. Akatabasamu. Akanirudishia kipaza sauti, akanyoosha mikono yake ile miwili.

"Jamani," akasema, "si nyinyi wenyewe mnasema? Huu wote ulikuwa utani."

Siwema akapita katikati ya watu mpaka mbele yake.

"Mtani wangu ni yule pale, ana udongo masikioni," akamwambia. "Wewe baba hatuna utani nawe. Wewe umeua."

Waziri akanifanyia ishara nizime kipaza sauti. Nilimwona vizuri kabisa, na sikuzima.